Nimebatizwa mara mbili na bado ninabeti. Je, nirudi majini?

SWALI

Mwalimu, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mwendesha bodaboda hapa Malaba, upande wetu wa Uganda. Nina mke na watoto wawili, mkubwa yuko shule ya msingi na mdogo bado ananyonya. Nilibatizwa nikiwa mchanga katika Kanisa la Uganda, maana babu yangu alikuwa mzee wa kanisa, na baadaye nikapata kipaimara pamoja na wenzangu wa darasa la sita. Toka hapo kanisani nilionekana Krismasi na siku za mazishi.

Mwaka juzi niliokoka kwenye mkutano wa injili. Pasaka iliyofuata nikabatizwa mtoni, maji mengi, watu wamejaa ukingoni wanaimba. Nilipotoka majini nililia kama mtoto. Waragi niliiacha siku ileile na sijaionja tena. Kulikuwa na mwanamke wa kando, naye nikaachana naye. Wenzangu wa steji wakaanza kuniita Mlokole, na kusema kweli nililipenda jina hilo.

Kitu kimoja hakikufa. Ninabeti, Mwalimu. Kazi yetu ina kungoja kwingi. Malori yakikwama forodhani, madereva na matanboi hawatoki, unakaa kwenye pikipiki saa nzima na simu mkononi. Nilianza na shilingi elfu moja ya kupoteza muda. Januari nilikuwa na laki nne na themanini za karo. Nikaweka nusu kwenye mkeka wa mechi kumi na mbili, ambao hulipa zote zikiingia tu. Kumi na moja ziliingia! Timu ya mwisho ikafungwa dakika za nyongeza. Usiku ule sikulala. Asubuhi nikaweka nusu iliyobaki ili nirudishe ile ya kwanza, nayo ikaenda.

Mke wangu nilimwambia kwamba polisi walikamata pikipiki nikalipa ili niikomboe. Karo nikakopa kwa rafiki yangu tuliyebatizwa naye siku moja, yeye anadhani mtoto alikuwa mgonjwa. Nikipoteza, hasira inanipanda. Juzi nilitupa sahani ya chakula ukutani, na mtoto wangu mkubwa akakimbilia kwa jirani.

Sasa kuna mtumishi mmoja ambaye nimeanza kwenda kwenye maombi yake ya usiku. Nilimweleza yote. Akasema ubatizo wa utotoni haukuwa ubatizo, na ule wa mtoni ulifanywa na mtu asiye na upako, ndiyo maana mtu wangu wa kale hakuzikwa. Akanisomea Matendo 19, pale Paulo anapowabatiza watu waliokuwa wamekwisha kubatizwa. Anasema kuna roho ya kamari katika ukoo wetu, nibatizwe mara ya tatu, na nije na sadaka ya ukombozi ya laki tatu kabla mwezi haujaisha.

Lingine ni kwamba mke wangu anataka mtoto mdogo abatizwe kule kwa babu. Mimi ninakwepa. Nitasimamaje mbele ya watu niseme namkataa shetani na kazi zake, na mfukoni nina mkeka wa Jumamosi? Yeye hajui kwa nini ninakataa, anafikiri nimedharau kanisa la wazee wetu.

Nataka kujua mambo haya. Je, nilibatizwa kweli? Nirudi majini? Na nitapataje nguvu ya kujizuia kama Roho aliyeniondolea waragi amenyamaza kwenye hili?

Mlokole wa Malaba

JIBU

Mwanangu, usilipe hizo laki tatu. Nimeanza na hilo kwa sababu mwezi hauningojei, na nisingependa umalize kusoma barua hii pesa zikiwa zimeshatoka. Kama tayari umekopa, mrudishie mwenyewe leo.

Mtumishi huyo alikusomea Matendo 19. Sura hiyo nimeifundisha katika madarasa ya ubatizo na ninajua inavyowatatiza watu. Wale watu wa Efeso walikuwa wamebatizwa ubatizo wa Yohana, ubatizo wa toba wa kumngoja atakayekuja. Jina la Bwana Yesu lilikuwa halijatajwa juu yao, na hata habari za Roho Mtakatifu walikuwa hawajazisikia. Paulo aliwabatiza kwa jina la Bwana Yesu, na kwao ndio ulikuwa ubatizo wa kwanza wa Kikristo. Wewe jina hilo limekwisha kutajwa juu yako. Hiyo siyo hadithi yako.

Hadithi yako iko nyuma kidogo, Matendo 8, na ninashangaa kwamba hakukusomea. Samaria palikuwa na mtu mmoja aliyeitwa Simoni, mchawi aliyewashangaza watu kwa muda mrefu. Akaamini, akabatizwa na Filipo. Muda si muda, akiwa amebatizwa vizuri kabisa, tamaa yake ya zamani ikainuka. Alipoona Roho anatolewa kwa kuwekewa mikono, akatoa fedha ili auziwe uwezo huo. Petro akamkemea: "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali." Maneno makali kuliko yote ambayo mbatizwa mpya amewahi kuambiwa katika kitabu kile. Tazama sasa alichoagizwa. Petro hakusema maji ya Filipo hayakushika, wala hakumrudisha mtoni. Alisema: "Basi, tubia uovu wako huu, ukamwombe Bwana." Aliyeanguka baada ya ubatizo aliambiwa atubu na kuomba. Na fedha ilikataliwa. Soma sura hiyo mwenyewe kwa utulivu, kisha ujiulize kwa nini leo mtu aombe fedha kwa kile ambacho Petro alikataa kupokea fedha kwa ajili yake.

Kuhusu upako wa aliyekubatiza, hilo nalo ni swali la zamani, na waliolijibu vizuri zaidi walikuwa Waafrika. Katika karne ya nne Wakristo wa Afrika ya Kaskazini waligawanyika vibaya. Kundi moja, Wadonato, lilishika kwamba ubatizo uliotolewa na kiongozi asiyestahili si kitu, na aliyeupokea abatizwe upya. Agostino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliwajibu kwamba Petro akibatiza ni Kristo anayebatiza, na hata Yuda akibatiza ni Kristo anayebatiza. Jibu hilo huniletea raha kila ninapolikumbuka. Kama ubatizo wako ungetegemea moyo wa mchungaji, ungelala usingizi gani? Kila habari mbaya juu yake ingekuondoa wewe katika wokovu.

Sasa, kati ya ubatizo wa uchangani na ule wa mtoni, upi ndio wenyewe? Waanglikana, Wakatoliki, Walutheri na Waorthodoksi watakuambia wa kwanza. Wapentekoste na Wabaptisti watakuambia wa pili. Mabishano hayo yaliwagawa watu wa Zurich mwaka 1525 na sitayamaliza mimi kwenye ukurasa huu. Mimi ni Mwanglikana, kwa hiyo unajua ninaposimama. Ila pande zote mbili zinakubaliana juu ya kitu unachokiuliza wewe: muumini aliyebatizwa kwa imani yake, akaanguka, akajuta, harudishwi majini. Anarudi kwa toba. "Bwana mmoja, imani moja, ubatizo mmoja," anasema Paulo kwa Waefeso. Kwa hesabu ya kanisa lolote kati ya hayo, wewe umebatizwa.

Nakuja kwenye jambo ambalo nadhani ndilo linalokuumiza zaidi ya deni. Unaamini kwamba kama ubatizo ungekuwa wa kweli, tamaa isingerudi. Yaani unapima wewe ni wa nani kwa kuangalia mkeka wa Jumamosi. Ukishinda tamaa, wewe ni mwana. Ukishindwa, wewe si kitu, na yale maji yalikuwa kuoga tu.

Soma Mathayo 3 na 4 bila kusimama katikati, kama vile hakuna namba ya sura. Yesu anatoka majini, sauti inasema: "Huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu, ninayependezwa naye." Mpaka saa ile, kwa masimulizi ya Mathayo, hajamponya mgonjwa hata mmoja wala kuhubiri. Kinachofuata mara moja ni nyika, njaa ya siku arobaini, na mjaribu. Na mjaribu anaanzia wapi? "Ukiwa ndiwe Mwana wa Mungu, amuru kwamba mawe haya yawe mikate." Anagusa neno lilelile lililosemwa mtoni, analitilia shaka, anataka lithibitishwe kwa tendo. Yesu hathibitishi chochote. Anakaa na njaa yake na neno la Baba yake. Mwanangu, sauti inayokuambia kila Jumapili usiku kwamba hukubatizwa kweli, uliwahi kujiuliza inatoka upande gani? Mimi sioni tofauti kubwa kati yake na ile ya nyikani, hata ikija imevaa suti na kushika Biblia.

Sisi wa Uganda tuna mfano wetu. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, pale Munyonyo, Karoli Lwanga, mkubwa wa vijana watumishi wa jumba la Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, aliwabatiza kadhaa kati yao waliokuwa bado wanafunzi wa dini. Mmoja wao alikuwa Kizito, kijana wa miaka kama 14, ambaye alikuwa ameomba ubatizo mara nyingi akaambiwa asubiri. Kwa kawaida wangesubiri bado, kwa sababu Kardinali Lavigerie aliwawekea wamisionari wake utaratibu wa miaka minne ya mafundisho kabla ya mtu kubatizwa. Usiku ule miaka minne haikuwepo. Kulipokucha waliitwa mbele ya mfalme, wakahukumiwa, na tarehe 3 Juni wakachomwa moto Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Sisemi majaribu yako ni sawa na yao. Ninachokuomba ukitazame ni mpangilio wa mambo. Walipewa maji kabla ya jaribu, wakiwa wanaogopa, wakiwa hawajashinda chochote. Ubatizo uliwaambia wao ni wa nani, na asubuhi wakaenda kusimama kama watu wa huyo. Vijana walewale walikuwa wamekwisha kuikataa amri ya mfalme juu ya miili yao, jambo lililohitaji kujizuia kuliko ambavyo wengi wetu tutawahi kuombwa.

Katika makabila yetu mtoto hupewa jina la ukoo kabla hajajua hata kukaa. Hupewa akiwa hana adabu yoyote ya ukoo. Akikua akakosea, babu humwita amwambie, "Sisi watu wa ukoo huu hatufanyi hivyo," na neno hilo lina nguvu kwa sababu tayari yeye ni wa ukoo. Hakuna anayemnyang'anya jina na kumwita jina upya kila anapokosea. Ndivyo Paulo anavyosema na Warumi katika sura ya 6. Kwanza anawakumbusha kwamba walizikwa pamoja na Kristo kwa njia ya ubatizo. Kisha, "jihesabuni kuwa wafu kwa dhambi na walio hai kwa Mungu". Halafu ndipo linakuja agizo, "Basi, dhambi isitawale ndani ya miili yenu". Angekuwa anaamini kwamba tamaa hufa yote mtoni, asingewaandikia watu waliobatizwa sentensi hiyo ya tatu. Naye Martin Luther katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 alifundisha kwamba maana ya kubatizwa kwa maji ni mtu wa kale kuzamishwa kila siku kwa majuto na toba, na mtu mpya kuinuka kila siku. Kila siku, mwanangu. Kama unataka kurudi majini, rudi hivyo, asubuhi kabla ya kuwasha pikipiki. Sema kwa sauti, "Mimi nimebatizwa, mimi ni wa Kristo, leo sibeti." Gharama yake haifiki shilingi moja.

Umeuliza kwa nini Roho alikuondolea waragi mara moja akanyamaza kwenye kamari. Sijui njia zote za Mungu, lakini nadhani hajanyamaza. Tazama ulivyoiacha waragi. Ulibatizwa mbele ya watu, kila mtu wa steji akajua, marafiki wa kunywa wakakukwepa, baa ukaacha kupita. Neema ilikuja na ua la kuizunguka. Kamari uliibakiza mfukoni, kimya, hakuna aliyeijua, na hakuna uzio wowote uliowahi kuizunguka. Wagalatia 5 inataja kiasi, yaani kujizuia, mwishoni mwa tunda la Roho, na tunda hukua mahali penye hewa na mwanga. Paulo anamwambia Tito kwamba neema "yatufundisha kukataa ubaya na tamaa za kidunia, tupate kuishi kwa kiasi". Inafundisha. Shule ina darasa la kwanza na la pili na mtihani wa kurudia.

Basi tushike kazi yenyewe.

Kwanza ule mkeka wa Januari, kwa sababu naona bado unakuita. Kumi na moja kati ya kumi na mbili! Ulijiona umegusa mlango. Fanya hesabu nami. Tuseme wewe ni mjuzi sana wa mpira na kila mechi uliyoichagua ilikuwa na nafasi saba kati ya kumi za kuingia. Kumi na mbili zote kuingia pamoja hutokea kwa wastani mara moja katika mikeka 72 hivi. Na kukosa kwa mechi moja tu hutokea mara tano zaidi ya kushinda. Ile dakika ya nyongeza haikuwa ishara ya baraka iliyo karibu, wala ya pepo la ukoo lililokuibia. Ni jambo la kawaida kabisa katika mchezo huo, na ndilo linalowarudisha watu kesho yake. Shirika la Afya Duniani linauweka uraibu wa kamari katika orodha yake ya magonjwa. Bunge letu nalo liliona hatari hiyo. Sheria ya mwaka 2016 inakataza kubeti kwa mtu ambaye hajafikisha miaka 25. Pale steji wako vijana wa chini ya umri huo wanaomtazama Mlokole anavyofanya.

Simu yako iuze. Nunua ndogo ya kitochi, ya kupiga na kupokea pesa. Najua utaniambia wateja wanakutumia ujumbe kwa simu kubwa. Watakupigia. Hata ukipoteza wateja wawili, hutafikia laki nne na themanini. Bwana alisema jicho likikukosesha uling'oe, na simu ni nyepesi kuliko jicho. Kama huwezi kuiuza wiki hii, mpe mkeo, na laini ya pesa iwe kwake.

Pesa isilale kwako. Kila jioni kabla ya kufika nyumbani, pitia kwa wakala au kwenye chama chenu cha kuweka na kukopa, weka yote isipokuwa ya mafuta ya kesho. Karo ilipwe shuleni kidogo kidogo, hata elfu ishirini kwa wiki, badala ya kungoja ijae. Mtu mwenye kiu hii hapaswi kushika pesa nyingi kwa wakati mmoja, na si aibu kulijua hilo juu yako mwenyewe. Ni busara.

Muda wa kungoja malori ndio saa yako mbaya. Tamaa hupanda, hukaa, hushuka yenyewe usipoilisha. Ikianza, inuka kwenye pikipiki. Tembea, nunua chapati, mpigie mtu. Usibaki umekaa unabishana nayo kichwani, maana kwenye mabishano hayo wewe ndiwe unayechoka kwanza. Na angalia njaa. Wengi wenu mnaendesha toka alfajiri kwa chai tupu, saa kumi jioni mwili umeisha na akili haina ulinzi. Kula mchana.

Sasa lililo gumu. Mwambie mke wako. Mwambie yote, kiasi chote, na uongo wa polisi pia. Usimpe habari kwa vipande, leo laki moja, wiki ijayo nyingine, kwa sababu kila kipande kitakuwa usaliti mpya. Chagua wakati watoto hawapo. Usianze na shetani wala ukoo, anza na "mimi". Huenda atalia, huenda ataenda kwao siku mbili, huenda atakunyamazia. Ana haki ya yote hayo, na wewe kazi yako ni kukaa kimya na kutojitetea. Usimwambie "nimetubu, kwa hiyo unisamehe". Msamaha wa Mungu umeupata kwa damu ya Kristo. Imani ya mkeo utaijenga upya kwa miezi ya kurudi nyumbani na pesa kamili.

Na ile sahani. Umeiandika kwa mstari mmoja, lakini mimi nimeirudia mara kadhaa. Mtoto aliyekimbilia kwa jirani alikuwa anamkimbia baba yake. Ukihisi damu imepanda, toka nje ya nyumba kabla hujasema neno, uzunguke mpaka ipoe. Kisha mwite yule mtoto umwombe msamaha kwa maneno anayoyaelewa, mwambie baba alikosea. Kama mkono wako utaelekea kwa mtu badala ya ukuta, hapo mkeo na watoto waondoke mahali pa hatari kwanza, na mengine yafuate. Nimeyaandika haya nikijua huenda yeye naye atasoma.

Halafu rafiki yako uliyemkopa. Mlitoka majini siku moja, ukamdanganya kwamba mtoto anaumwa. Nenda kwake. Yakobo anasema, "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa." Walokole wa zamani wa nchi hii, wale wa uamsho uliowaka miaka ya 1930 kutoka Gahini kule Rwanda na Namirembe hapa Kampala, walilichukua neno hilo kwa uzito. Walikutana, wakasema dhambi zao wazi mbele ya ndugu, wakarudisha walichoiba, wakalipa madeni. Ukiitwa Mlokole pale Malaba umerithi hilo pia. Kubaliana naye utamlipa kiasi gani kwa wiki, hata kama ni kidogo. Mwambie pia kwamba kila Jumamosi saa ya mechi akupigie na akuulize swali moja, "Umebeti?" Paulo aliwaandikia Waefeso kwamba mwibaji asiibe tena, afanye kazi kwa mikono yake "apate kuwa na kitu cha kumgawia mhitaji". Deni likiisha, endelea kutenga kiasi kilekile na umpe mwenye shida.

Utaanguka tena? Inawezekana. Ikitokea, mwambie mkeo na rafiki yako siku hiyohiyo, tubu, na usiweke hata shilingi ya kurudisha iliyopotea. Hilo la kutaka kurudisha ndilo lililomeza nusu ya pili ya karo. Na ukiona miezi inapita, umefanya haya yote na bado huwezi, nenda hospitali ya rufaa ya Mbale uonane na watu wa afya ya akili, au Butabika kule Kampala. Aliyebatizwa akiumwa malaria humeza dawa na kuomba. Hapa pia ni hivyo.

Kuhusu roho ya ukoo nitasema kidogo. Wagalatia 3:27 inasema, "Maana ninyi nyote mliobatizwa katika Kristo mmemvaa Kristo." Ukoo wako sasa una Bwana juu yake. Ukitaka kuombewa, ombewa na wachungaji wako, waziwazi, bila ada. Lakini babu yako, mzee wa kanisa aliyekupeleka kwenye maji ukiwa mchanga, usikubali mtu amgeuze mlango wa mapepo ili akuuzie ufunguo.

Limebaki la mtoto. Unasema huwezi kusimama kumkataa shetani huku mkeka uko mfukoni, na hapo dhamiri yako inasema kweli. Basi toa mkeka, usimwondoe mtoto. Ongea na mkeo kwanza, kisha mwende wote wawili kwa mchungaji wa kule kwa babu kabla ya kupanga tarehe, na umweleze kinachoendelea. Mchungaji mwema hatakufukuza. Huenda atakuomba usubiri wiki chache, mhudhurie mafundisho ya wazazi, na uanze haya niliyoandika. Subiri kwa moyo mmoja, mtoto hatapungukiwa. Mtakapochagua wasimamizi wake wa ubatizo, kama mkeo ataridhia na kanisa litakubali, mwombeni yule rafiki anayekudai awe mmoja wao.